Kitabu Nilichomnyima Nyota

Commune ya Tshopo, Avenue ya 12,
Kisangani,
Jumapili, tarehe 7 Septemba 2025

Mpendwa yaya, kaka yangu Abdulhamid,

Assalam alaikum. Kwanza nakusalimu wewe, shemeji Nasra na wote wa nyumba ya Kindu. Mgongo wako unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia huwezi kukaa dukani mpaka adhuhuri bila kusimama ujinyooshe. Natumaini umepumzika kidogo. Sisi huku tuko wazima. Mke wangu Djamila alishikwa na malaria mwezi uliopita, lakini amepona na amerudi sokoni. Mvua imekuwa nyingi, na paa la jiko linavuja pale pale pa siku zote.

Najua Moussa amefika mlangoni kwako na pikipiki yake kukuletea barua hii, na wewe ukatazama nyuma yake kumtafuta binti yako Nyota. Hayuko. Uliagiza aje naye, aache masomo, akusaidie dukani, na mimi mdogo wako nimevunja agizo lako bila kukuuliza. Tafadhali keti, usome mpaka mwisho, halafu unikasirikie. Kwa simu nisingeweza. Kwa simu nimeshashindwa mara moja, na ndiyo sababu naandika.

Mwezi wa kwanza Nyota alikuja kuniomba ruhusa. Wanafunzi wote wa mwaka wa sita walikuwa wanachagua vitabu vya marudio kwa ajili ya mtihani wa taifa, Examen d'État, na yeye alitaka kile kipya cha kemia, chimie, kinachouzwa mtaani Makiso. Nilimwambia hana haja nacho. Nikampa mkusanyo wangu, yale maswali na majibu niliyoyakusanya miaka ishirini na sita nikiwa mwalimu, nikayatoa fotokopi na kuyabana kwa waya. Unaukumbuka. Nilikuletea nakala moja Kindu, ukaiweka kwenye kabati la kioo ili wageni waione.

Sababu ya kweli sikumwambia. Kitabu kile kimeandikwa na Rachidi, mtoto wa askari wa kambi ya Kapalata niliyemfundisha tangu mwaka wa tatu. Mwaka juzi, katika mkutano wa walimu wa chimie, alisimama akasema, kwa heshima kabisa, kwamba mkusanyo wa prof Idrissa umesaidia wengi, lakini programu imebadilika na sehemu zake nyingi zimepitwa na wakati. Watu wakacheka kidogo. Hakuna aliyenitukana. Lakini nilirudi nyumbani kwa toleka, nimekaa nyuma ya baiskeli nimekumbatia mfuko wangu, na njia nzima nilikuwa nasikia kicheko kile. Tangu siku hiyo sikutaka hata kukishika kitabu chake. Nilikikataa bila kukifungua, yaya, mimi niliyekuwa nawachapa wanafunzi kwa kujibu swali kabla ya kulisoma.

Nyota hakunibishia. Alisoma mkusanyo wangu mpaka waya ukalegea. Mwezi wa tatu, mchana mmoja, nikamkuta uani kwenye mkeka na rafiki yake Georgette, binti wa jirani. Georgette alikuwa amenunuliwa kitabu cha Rachidi, na Nyota alikuwa anakinakili kwenye daftari. Hakuwa anajificha. Aliponiona alisogea kidogo, akanipa nafasi nikae nitazame.

Sikukaa. Nilimwambia Georgette achukue kitabu chake aende kwao. Daftari nikalichukua. Nikamwambia Nyota kwamba mwanafunzi akifuata walimu wawili atachanganyikiwa, na kwamba katika nyumba hii mwalimu wa chimie ni mmoja. Daftari nikalifungia kabatini pamoja na karatasi zangu za pensheni. Alijibu, "Ndiyo, tonton," akaufungua mkusanyo wangu, akaendelea pale alipokuwa ameachia.

Mtihani ukafika. Siku ya sayansi alirudi nyumbani, akavua sare, akaifua, na sahani ya pondu aliyowekewa na Djamila hakuigusa. Nilimwuliza kama maswali yalikuwa magumu. Akasema hapana, hayakuwa magumu. Nilifurahi. Nilifikiri hajala kwa uchovu tu.

Matokeo unayajua. Asilimia arobaini na saba, na ya kufaulu ni hamsini. Georgette alipata sitini na moja, na kwao walipiga ngoma mpaka jioni. Sisi tulifunga mlango.

Ulipopiga simu tulikuwa sebuleni wote watatu. Nyota aliiweka mezani, sauti juu, ili tusikie sote. Ulimwuliza miezi yote hiyo alikuwa anafanya nini Kisangani. Nilingoja aseme. Angesema, na ningestahili. Badala yake akakujibu, "Papa, sikusoma vizuri. Unisamehe." Ukaniuliza mimi kama ni kweli. Yaya, mimi mtu wa miaka sitini na nne, niliyesimama mbele ya darasa maisha yangu yote, nilikujibu: "Bon, watoto wa siku hizi, si unawajua."

Nyota hakuniangalia. Aliyeniangalia ni Djamila, halafu akainuka akaenda jikoni. Tangu siku hiyo amekuwa akinipa chakula na maji ya kuoga, na maneno yale ya lazima tu.

Ndipo ukaagiza arudi Kindu. Wiki iliyopita nilifungua kabati kumtafutia karatasi zake za shule ili asafiri nazo, na lile daftari likawa la kwanza kunijia mkononi. Nikakaa kitandani nikalisoma. Kurasa thelathini na nane, mwandiko safi. Pembeni, kwa kalamu nyekundu, alikuwa ameweka alama kila mahali kitabu cha Rachidi kinapotofautiana na mkusanyo wangu, na kwenye kila alama ameandika maneno yale yale: "kuuliza tonton," yaani mimi, ami yake. Nilihesabu. Mahali kumi na tisa.

Nikauchukua mkusanyo wangu, nikalinganisha, nikatafuta na kwingine. Mahali kumi na saba Rachidi ndiye mwenye haki. Mahali pawili nafikiri ni mimi. Mtoto alikuwa ameyaona yote hayo kabla yangu, na hakuwa ameamua nani mkosaji. Alitaka kuja kuniuliza.

Nilimkuta anakunja nguo zake, anazitia kwenye mfuko wa safari. Nikamwonyesha ukurasa mmoja, ule wa ujazo wa gesi. Zamani tuliwafundisha wanafunzi namba moja, 22,4, waiandike bila kufikiri. Siku hizi presha inayotumiwa kupimia si ile ya zamani, na namba imekuwa 22,7. Wewe si mtu wa chimie, jua hilo tu. Nilimwuliza kama swali la namna hiyo lilitokea kwenye mtihani. Akasema lilitokea, na namba zote mbili zilikuwepo kati ya majibu ya kuchagua.

"Tonton, ile ya kweli nilikuwa naijua," akasema. "Niliandika yako."

Nikamwuliza kwa nini. Akaendelea kukunja nguo.

"Ulisema mwalimu wa hii nyumba iko mumoja."

Sisemi swali moja ndilo lililomwangusha. Lakini alikuwa amebakiza hatua tatu avuke, na kurasa zile thelathini na nane zilikuwa kabatini kwangu, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Nilikaa chini sakafuni, na magoti yangu unayajua, nikamwomba msamaha. Hakulia. Hakusema amenisamehe, wala sikumwomba aseme. Nilimwuliza anataka nini. Akasema anataka kufanya tena. Donc nguo zikatoka kwenye mfuko, na asubuhi nikaenda shuleni nikamwandikisha tena mwaka wa sita. Hilo ndilo agizo nililolivunja.

Alhamisi tulikwenda Makiso, kwa wale wanaopanga vitabu kwenye turubai karibu na poste. Safari hii alichagua yeye, na mimi nikashika mwavuli. Alikaa karibu saa nzima. Kila kitabu alifungua kwanza ukurasa wenye mwaka wa kuchapishwa, kisha akaenda mwisho kutazama kama majibu yameelezwa au yamewekwa herufi tupu. Nilimwonyesha kimoja kinene cha hesabu. Akakipindua, akakirudisha, akaniambia taratibu kwamba hicho hakionyeshi njia, kinatoa jibu tu. Alichukua vitatu. Cha Rachidi kilikuwa cha kwanza.

Kutoka hapo nilimpeleka mpaka shule anayofundisha Rachidi. Ningeweza kumtuma peke yake, na miguu yangu ilitaka hivyo. Nilimweleza Rachidi yote mbele ya Nyota, hata la mkutano. Hakucheka. Alilichukua daftari la Nyota akalisoma amesimama, akatazama yale mawili ninayodai haki, akasema moja ni kweli amekosea, atalisahihisha. Kisha akamwambia Nyota aje kila Jumamosi kwenye marudio yake. Jana alikwenda. Mimi nimebakiwa na kumfundisha fizikia, physique, na hiyo nayo nimeanza kuisoma upya, maana sasa siamini kitu changu chochote mpaka nikihakiki.

Yaya, ulinikabidhi mtoto kwa sababu mimi ni mwalimu. Uliwaambia watu wa Kindu kwamba Nyota anasoma kwa mdogo wako, hana shida. Nimelifikiria neno hilo kila siku tangu ile simu. Sikuombi unisamehe upesi. Naomba umwache amalize mwaka huu. Kisha umpigie simu yeye mwenyewe, mimi nisiwepo, umwambie kwamba umejua. Usimwambie umemsamehe, kwa kuwa hakukosa. Jina lako likitajwa hapa nyumbani anainamisha kichwa, na aibu hiyo si yake, ni yangu. Djamila nimemsomea barua hii mpaka hapa. Alisema niipeleke kabla moyo haujanibadilika.

Nisalimie sana shemeji Nasra, na umweleze nitakuja mwenyewe kumtazama usoni, barabara ikikauka. Nisalimie mwanao Fadhili, na mzee Lukumani wa msikitini, asiache kutuombea. Ile nakala ya mkusanyo wangu iliyo kwenye kabati lako la kioo, nakuomba uitoe, asije mtoto wa mtu akaiazima.

Mwenyezi Mungu akulindie mgongo wako na biashara yako, akupe usingizi mzuri baada ya kusoma haya.

Alasiri hii Nyota yuko uani na vitabu vyake. Simu ameiweka kando ya mkeka, uso juu, na kila ukurasa anaofungua anaitupia jicho. Nilimwuliza anangoja nani. Alisema hangoji mtu.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Idrissa