Mlima Niliovushwa Nimelala

Jumamosi, 3 Agosti

Tumeanza! Kwa kuchelewa, bila shaka. Nilisema saa kumi na mbili asubuhi, tukaondoka jua liko juu, kwa sababu mama mkwe alirudi ndani mara mbili — kwanza jiko la gesi, halafu blanketi. Blanketi la nani kwenye joto hili? La kwako, mwanangu, kasema.

Mimi naendesha baiskeli. Mume wangu anafuata na pikapu yake ya kazi, ile anayobebea friji za wateja. Wifi amekaa nyuma na simu, anatangaza: "Shujaa wetu huyooo!" Shujaa gani, nimekwama kwenye tope. Natamani niitupe ile simu mtaroni.

Kila kilomita ina mtu aliyeahidi kuichangia, mradi niikanyage mwenyewe. Zikitimia zote, wodi ya watoto njiti inapata mashine ya pili. Ya kwanza ndiyo iliyomlea binti yetu. Tumemwacha kwa dada yangu. Mtoto kaagiza kengele ya baiskeli, eti yangu inalia kizee.

Jumapili, 4 Agosti

Makalio! Sina la kuongeza.

Ninalo. Pikapu inatakiwa inifuate. Leo ilinitangulia, na maji yangu yote yako humo! Nimekanyaga koo limekauka, nikawakuta kituo cha mafuta, wamevua viatu, wanakunywa chai. Mbona hamkurudi? Eti wifi alikuwa amelala kwenye benchi, wangemwachaje? Si mngemwamsha! Wakanitazama kama nimetukana.

Ukoo huu mtu aliyelala haamshwi, hata nyumba iwake moto. Mama mkwe ndivyo alivyowalea. Nimeshachelewa harusi, mazishi na kazini kwa ajili ya usingizi wa watu hawa.

Jumatatu, 5 Agosti

Mvua. Pancha. Mume wangu kaziba haraka.

Kesho mlima wa mnara wa simu. Nilimwambia nataka kusimama pale juu kidogo. Akauliza kama nimeiona pampu.

Pacha wa binti yetu alizaliwa pale, ndani ya pikapu hii hii, tukiwahi hospitali. Wa kiume. Mimi nimelala nyuma, mama mkwe kanishika, mume wangu anaendesha. Hakufika chini ya mlima akiwa hai. Huu mwaka wa sita mume wangu hajamtaja hata siku moja. Nikianza mimi, anatafuta spana.

Jumanne, 6 Agosti

Nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Mchana, chini ya mlima, jua la kuua, miguu ikagoma. Mama mkwe akanilaza kwenye kiti cha pikapu, akanifunika lile blanketi lake. Upumzike kidogo tu, kasema. Nikamwambia mume wangu: uniamshe. Akaitikia kwa kichwa.

Naamka, naona mnara — nyuma yetu! Kwenye kioo cha pembeni! Baiskeli imefungwa kamba kama mbuzi wa mnada. Mlima mzima nimevushwa nimelala!

Nilipiga kelele hadi wifi akazima simu mwenyewe. Mama mkwe anabembeleza: ulilala vizuri, mwanangu, nani atajua? Mimi nitajua! Watu wameahidi kwa kila kilomita, na hospitali wanatungoja kesho! Mume wangu kakamata usukani, gari limezimwa.

Nikashusha baiskeli. Nikamwambia geuza gari, nirudishe chini nianze upya. Akasema hawezi. Huwezi au hutaki? Usijifiche nyuma ya sheria ya usingizi ya mama yako!

"Siwezi kupita pale ukiwa macho," akasema. "Utasimama. Na wewe ukisimama, na mimi itabidi nisimame."

Mama mkwe akageukia dirishani.

Nimekaa kwenye jiwe pembeni ya barabara. Naandika kwa sababu nisipoandika nitamrushia mtu pampu. Basi nitakanyaga kutokea huku huku — nipande, nishuke, nipande tena. Mara mbili! Kwa miguu hii! Halafu wao ndio wasaidizi wangu.

Ameshuka garini. Mlango kauacha wazi. Amekuja mpaka kwenye baiskeli, ameshika siti kwa nyuma, kama anayemfundisha mtoto kuendesha. Hasukumi. Haachii. Nimemwambia achague moja.

Kaniuliza kitu, taratibu, bila kunitazama.

"Hivi, alilia? Injini ilikuwa na kelele. Sikusikia."

Miaka yote hiyo! Na anauliza leo, hapa, jua linazama, na mlima mzima unanidai!

Nimemwambia nitamjibu, lakini pale juu kwenye mnara, si hapa. Kautazama mlima. Bado ameshika siti.