Milima Iliyotembea Juu ya Ziwa

Shikamoo Baba,

Leo mchana hapa Ujiji niliwasaidia akina mama kuanika dagaa mchangani. Ufukwe wote uling'aa kama fedha, na ng'ambo milima ya Kongo ikaanza kutembea taratibu juu ya maji. Nikabaki nimesimama, natabasamu. Nilipomweleza Mama Zawadi, aliyekuwa akigeuza dagaa kando yangu, alinivuta mkono hadi kivulini.

"Kunywa, mwanangu! Wa kukauka hapa ni dagaa, si wewe."

Nikanywa kopo zima, kisha la pili. Milima ikarudi mahali pake, nami nikanuna kidogo.

Baba, huko Dodoma ukiona mtama unacheza na upepo hakuna, usisimame kuushangaa. Keti kivulini, unywe maji, unisubiri.

Mwanao,
Neema