Ua Lisilofanana na Ndugu Yake

Salma mjukuu wangu,

Salamu zako zimefika. Huku Woolwich tu wazima. Goti la bibi yako limetulia, na shangazi yako amepata nyumba Thamesmead.

Unauliza DNA inawezaje kudai kwamba mimea isiyofanana ni ndugu. Miaka ya tisini nilikuwa nikigundisha mimea mikavu kwenye makaratasi, katika ghala la wataalamu wa mimea. Siku moja mama mmoja wa maabara akaniambia niitoe lotasi, ua la majini, kwenye kabati la yungiyungi, ua jingine la majini linalofanana nayo. DNA ilisema ndugu yake hasa ni ule mti mkubwa wa kando ya barabara zetu za London. Nikacheka. Akaniita kwenye hadubini nitazame chavua: ya lotasi ilikuwa na mipasuko mitatu, kama ya ule mti, ya yungiyungi haikuwa nayo.

"Alama ilikuwapo siku zote," akasema. "Sisi tulitazama sura ya ua."

Wiki mbili baadaye akabisha mtu mlangoni, katoka Pemba, akasema mimi na yeye baba mmoja. Mrefu, pua ndefu, hakufanana na yeyote kwetu. Nikamwambia kakosea nyumba. Akanipa mkono kuniaga, na kidole chake cha mwisho kilikuwa kimepinda, kama cha marehemu baba, kama changu.

Nilikiona, Salma. Nikafunga mlango.

Likizo ukienda Pemba, kila mzee atakayekupa mkono, usiuachie upesi. Mtazame kidole.

Babu yako