Kifaru cha Baba na Taa za Senene

Jumamosi, 9 Novemba 2024

Mzigo wa Haruni umefika stendi. Kaka yangu huyu! Tangu tumzike Mama hajakanyaga hapa nyumbani Kitendaguro, ila leo katuma kifaru. Cha rimoti, kirefu kama mkono wangu, kina minyororo na kichwa chenye mzinga kinachozunguka. Eti kitamchangamsha Baba, kwa kuwa aliendesha cha kweli vitani. Nilimwambia kwa simu kwamba Baba anahitaji mtu, si kifaru. Ghafla mtandao ukawa mbaya.

Baba amekitazama kidogo. Akaniita nesi, kama kawaida yake siku hizi, akaomba afunguliwe dirisha.

Kifaru chenyewe hakiendi. Taa nyekundu inapepesa tu.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani sikwenda — nani angebaki na Baba? Nimekifungua kifaru mezani kwa bisibisi ya cherehani ya Mama. Tatizo nimeliona. Bodi ya ndani ina programu mpya, inataka iendeshwe kwa simu. Simu yangu imezeeka, app inakataa kabisa kuingia. Rimoti iliyokuja nayo ni ya kizamani, yenye antena ndefu. Haielewani na programu hiyo hata kidogo. Muuzaji kaokoteza mitumba miwili, kaipachika pamoja, na Haruni kanunua kwa kuangalia picha.

Nilifundisha kompyuta Muleba miaka yote ile. Sasa sina mwanafunzi, nina kifaru.

Jumanne, 12 Novemba

Baba hali. Ebitoke, ndizi zetu za kupikwa, anavitema, uji anaukazia meno. Daktari amesema akiendelea hivi hatafika mbali. Alilisema mbele yake, kama vile hayupo.

Alipolala mchana nikarudi kwenye kifaru, angalau chenyewe nakiweza. Laptop ilikigomea mpaka nikaibadilishia draiva. Nikapata programu ya zamani kwenye mtandao wa watu wanaopenda mambo haya, nikaipakia. Rimoti na bodi zikashikana. Kimetembea! Nilipiga kelele, halafu nikatazama huku na huku. Hakuna wa kumwonyesha.

Kichwa kinageuka kulia vizuri. Kushoto ni kizito, mota imechoka.

Baba alipoamka nilikiendesha hadi miguuni pake. Aliangalia mkono wangu wenye rimoti. Mambo ya watoto hayo, akasema, akageukia ukuta.

Ijumaa, 15 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Senene wameanguka. Mtaa mzima una furaha. Jirani yetu Clavery kawasha yale mataa yake makubwa ya kuwategea, mabati yamesimama, mapipa yamepangwa chini, mwanga umejaa hadi sebuleni kwetu. Kifaru nilikuwa nimekiacha sakafuni karibu na Baba, kimewashwa. Rimoti ilikuwa mezani, imezimwa.

Kikashtuka. Kichwa kikageuka kulia, kikasimama. Nikadhani kuna waya umegusana. Kikageuka tena.

Baba akainama. Akasema, “Kamala?”

Kamala ni rafiki yake wa vitani, walikuwa kifaru kimoja. Hakurudi. Hadithi zake tumekua nazo: jinsi ndani ya kifaru usivyosikia kitu kwa kelele, hivyo wakajiwekea ishara zao. Kichwa kulia ndiyo, kushoto hapana.

Nilikuwa nimeshika sahani. Baba akamuuliza Kamala kama chakula hiki ni salama. Kichwa kikacheza kulia. Baba akafungua mdomo.

Alimaliza sahani. Alimaliza! Nilikwenda kusimama uani, nikalia hadi senene wakanijaa kwenye nywele.

Jumamosi, 16 Novemba

Ni taa za Clavery. Nilimwomba azizime mara moja anijaribie: kifaru kimya. Akawasha: kikaruka. Zile choki, vifaa vya kuwashia taa, zinapiga kelele ambayo sikio halisikii, antena ya kifaru inaipokea, na programu yangu ya zamani inadhani ni amri. Haina akili ya kupambanua.

Clavery alicheka sana, akanipa ndoo ya senene. Nimekaa kuwanyonyoa peke yangu. Hii si kazi ya mtu mmoja. Enzi za Mama tulikuwa tunajaa sebuleni, mikono inanyonyoa na midomo inasengenya. Leo nimesikia mabawa yakidondoka kwenye ungo.

Baba kala tena, kwa ruhusa ya Kamala.

Jumatano, 20 Novemba

Jana jioni kifaru kilijiendesha kikamgonga Baba kwenye ugoko, akachubuka. Leo nikaona nifanye kazi kitaalamu. Nikatafuta toleo la katikati la programu, lile linaloelewana na rimoti lakini likisikia kelele linasimama. Limekubali mara ya kwanza. Taa zimewaka, kifaru kimetulia. Nilijipongeza kwa chai ya maziwa.

Jioni Baba akauliza, “Kamala, nile?”

Kimya. Akauliza tena. Akakisogelea, akagonga bati lake kwa kidole, polepole, kama mtu anayebisha hodi kwa mkubwa. Halafu akafunga mdomo na hakuufungua.

Mjinga mimi.

Alhamisi, 21 Novemba

Asubuhi hakula, mchana hakula. Nimeirudisha programu ile mbovu na nimekata nyaya za minyororo, kibaki kugeuza kichwa tu. Taa za Clavery zilipowaka, Kamala akarudi. Baba alimkaripia kwanza kwa kupotea bila taarifa. Ndipo akala.

Nina wivu na mtu aliyekufa kabla sijazaliwa. Ndivyo ilivyo. Mimi namwosha, namvalisha, namgeuza. Kamala anatikisa kichwa tu, na ndiye anayejulikana jina.

Jumapili, 1 Desemba

Senene wamekwisha. Clavery alikuwa juu ya ngazi anashusha taa, azipeleke Buganguzi kwa shemeji yake, huko bado wanaanguka. Nilikimbia na kanga ya kupikia.

Nikamwomba aniachie moja. Awe anaiwasha jioni, muda wa chakula tu.

“Senene hawapo, Kemilembe. Namuwashia nani?”

Nilisema, Baba. Clavery alishuka kipandio kimoja. Akasema taa si zake, za shemeji, na gari linakuja kesho asubuhi. Akaniuliza kama nina mtu wa kunisaidia pale nyumbani. Nikamwambia yupo kaka yangu, Haruni.

Jumatatu, 2 Desemba

Giza kwa Clavery. Nimempigia Haruni, hapokei.

Nimefanya hivi. Nimemwekea Baba sahani mapajani, kifaru mbele yake, nikamwambia nakwenda kuchota maji. Nimejibanza jikoni nyuma ya mlango na rimoti, antena nimeivuta yote. Kwa ufa namwona vizuri.

Akauliza, “Kamala, nile?” Nikasukuma kijiti kulia. Kichwa kikageuka. Akala! Tonge kwa tonge, kwa mkono wake mwenyewe. Mimi huku nimejificha kama mwizi, daftari gotini, nikaona niandike, maana nimwambie nani mwingine?

Sasa ameacha kula. Anaongea na kifaru.

“Kamala, nina binti. Kemilembe. Alikwenda Muleba kufundisha. Unamfahamu?”

Kulia. Nimesukuma kulia hadi kijiti kimelia.

Ameketi vizuri. Amefuta mdomo kwa kiganja, kama anayejiandaa kwa mgeni. Anasema hajamwona siku nyingi, hapa kuna nesi tu. Mwema, lakini nesi.

“Amenikasirikia?”

Kushoto. Nasukuma kushoto. Kichwa kinatetemeka, hakiendi. Ile mota. Nasukuma tena, kinatetemeka tu palepale, na Baba amekiinamia, anangoja. Kikiponyoka kitakwenda kulia, kitasema ndiyo.

Nimeweka rimoti chini. Anauliza mara ya pili, kwa sauti ndogo. Nimeshika kitasa cha mlango