Kengele ya Bibi Veronika

Mama, shikamoo.

Upepo wa Singida ni uleule, naandika huku nimeikandamiza kadi kwa jiwe. Leo nimefika Unyambwa, kwenye kanisa la zamani alikobatizwa bibi. Kuta za mawe bado zimesimama, ila bati limeota kutu. Ibada zimehamia kanisa jipya lenye spika, lakini misiba bado inatangazwa hapa, kwa kugonga ringi la gurudumu la lori lililoning'inizwa mlangoni kama kengele.

Nilimkuta mama mmoja mzee akifagia. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mjukuu wa Veronika, tuliyemzika Tanga mwaka juzi.

"Huku hakugongewa," akasema. Akaweka ufagio chini, akashika kipande cha nondo, akaanza kugonga taratibu.

Kwenye mashamba ya alizeti watu wakaacha majembe. Wakaja mmoja mmoja, kila mmoja akiuliza, "Ni nani?"

"Veronika, binti wa fundi aliyejenga ukuta huu. Alifia Tanga," akawajibu yule mama mzee.

Hakuna aliyesema kwamba wamechelewa. Walinipa mkono, "Pole, mjukuu," wakaingia, wakapiga magoti kwenye sakafu ya udongo, wakasali kama vile jeneza liko mbele yao. Baadaye wakaleta ugali wa mtama na mlenda, tukala kama watu wa msiba.

Mama, siku zote unasema tulimzika bibi ugenini kama mtu asiye na kwao. Leo lala usingizi, mama yangu. Kwao wamemlilia.

Mwanao,
Anjela