Siku Tisa za Kuulizia Kiunga

Mjukuu wangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi huku kisiwani Amu hatujambo. Mamako amepona kikohozi, na asumini ya uani imechanua hadi nyumba nzima inanukia.

Umeuliza kama nakukataza kwenda kujitolea kwenye nchi ile yenye ghasia. Sikukatazi. Usichanani nilijitolea kwenda Kiunga, kule mpakani, kuchanja watoto, na siku hizo huko hakukuwa shwari. Kwenye ofisi ya afya waliniambia kumetulia. Gatini nikamkuta Bi Zena, muuza mikeka aliyewasili kutoka huko asubuhi ile, nikamuuliza. Akanishika mkono, akanionya juu ya njia. "Ndia si njema leo, mwanangu. Ngoja."

Mashua ikaondoka bila mimi. Ilirudi alasiri hiyo hiyo bila kufika, na waliokuwamo wakashuka mbio kwenda makwao.

Nikangoja siku tisa, kila asubuhi nikiwauliza wanaoshuka gatini kutoka Kiunga. Bahari ilikuwa kimya, nyeupe kama maziwa, nami nikijiona kama niko usingizini. Siku ya kumi walioshuka wakasema ghasia zimekwisha, na Bi Zena akasema, "Sasa twende." Tukafika salama, nikachanja watoto wote.

Basi wapigie simu wanaoishi kule, kila siku, hadi siku ya safari. Dua nitakuombea mimi. Kuuliza uulize wewe.

Bibi yako,
Mwana Esha