Kufuli Lenye Jina Langu

Buffalo, Ijumaa

Kwa dada yangu mpendwa Mukandoli,

Amani ya Bwana ikukute hapo Louisville, wewe na shemeji. Goti linaendeleaje? Na watoto, siku hizi wanakujibu kwa Kiswahili au bado ni Kiingereza kitupu? Mimi ni mzima, ila moyo unangoja Jumatatu, siku wakubwa watakapoamua kama nitarudi kazini.

Najua umenikasirikia. Ulisema kwa simu kwamba kule Columbus, kwenye posa ya binamu yetu Uwineza, niliondoka kabla wazee hawajamaliza habari za ng'ombe wa mahari, nikawaaibisha. Una haki. Sasa nikueleze.

Tunaondoa nyaya kuukuu za simu kando ya reli ya treni ya umeme na kuweka mpya, ili dereva na kituo wasikilizane. Kwanza umeme unazimwa, halafu kila mfanyakazi anafunga swichi kwa kufuli lenye jina lake. Kulifungua ni kazi ya mwenyewe tu. Ijumaa ile, kwa haraka ya safari, nilifika Columbus na ufunguo shingoni. Kufuli nilikuwa nimeliacha Buffalo, bado limefunga swichi.

Umeme ulipaswa kurudishwa Jumamosi mchana. Gakunzi, mkubwa wa timu yetu, akanipigia tukiwa kwenye posa: treni zimesimama, abiria wanapandishwa mabasi. Alinionea huruma. "Bon, tuikate kufuli, tuandike ilikuwa ya Theogene," alisema. "Ule alishaachaka kazi, haitamuumiza."

Nilikataa. Niliendesha gari mwendo wa saa tano kurudi Buffalo, nikalifungua kwa mkono wangu, nikaandika kosa kwa jina langu. Ndipo wakanisimamisha kazi.

Dada, umeona neno umeme hapo juu, na najua umeshtuka. Tulipomzika kaka yetu Rurangwa uliniapisha nisiguse kazi hiyo. Nikakuambia kazi yangu ni ya simu, nikanyamazia waya unaopita juu ya kichwa changu. Miaka miwili nimekuficha. Nisamehe.

Lakini Rurangwa alipokuwa juu ya nguzo kule Uvira, mtu aliwasha umeme kwa sababu swichi haikuwa na jina la yeyote. Ndiyo maana sikukubali jina la Theogene libebe kosa langu. Wakinifukuza, nitasoma upya mafunzo na kuomba kazi tena.

Msalimie shemeji, uwabusu watoto, na Uwineza mwambie nitakuja kumwomba radhi mwenyewe. Jumatatu niombee, dada. Ila usiombe niiache kazi hii.

Mdogo wako akupendaye,
Aline